Nani Aitwaye Kuuguza?

Neno kwa vijana, wazazi na watumishi wa sharika. Lisomwe pamoja na Luka 10:25–37.



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, baraza ya nyumba ya mchungaji hujaa watu. Huja baba na binti yake, huja mama mjane na mwanawe wa kiume, huja mjomba aliyelipa ada. Wote wana haja moja: wataka barua ya mchungaji, isemayo ya kwamba kijana huyu ni mshirika mwema, na ya kwamba ana wito wa kuuguza wagonjwa. Wako watakao kwenda Ilembula, wako watakao kwenda Ilula katika wilaya ya Kilolo, wako watakao kwenda Tosamaganga kwa ndugu zetu Wakatoliki, na wako watakao kusoma Mbeya mjini. Nasi kwa miaka mingi tuliziandika barua hizo upesi, kama karani agongaye mhuri, kisha tukawaombea na kuwaaga kwa furaha.

Leo twataka kukiri neno mbele yenu, maana haifai mchungaji kuwafundisha wengine kuungama, naye mwenyewe akafunika lake.

Katika usharika tuliotumikia zamani alikuwako binti mmoja, mtulivu, mwenye kufaulu vema katika Biolojia na Kemia. Baba yake aliuza miti yake ya mbao kabla haijakomaa ili apate ada. Alikuja kwetu, tukazungumza naye juu ya chuo, na juu ya ada, na juu ya heshima itakayoingia katika nyumba yake. Binti alikaa mkekani karibu na mlango, hakusema neno. Tukaandika ya kwamba ana wito. Katika mwaka wa pili alirudi nyumbani na sanduku lake, akasema hawezi tena. Baba alilia, wazee wa usharika walinung'unika, na sisi tulimwita tukamsomea habari za Yona aliyekimbia mbele za Bwana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, mliandika ya kwamba nina wito, lakini hamkuniuliza."

Ndugu, neno lile limekaa nasi tangu siku hiyo. Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumemshuhudia Mungu neno ambalo hatukulisikia kwake, wala kwa binti mwenyewe. Kwa ajili hiyo twaandika leo: kijana ajuaje kama kazi ya uuguzi ni yake? Nasi tulio wazazi na watumishi, tumsaidieje kujua?

Mfano wa Bwana wetu juu ya Msamaria twaujua sote tangu shule ya Jumapili. Lakini mara nyingi twausoma kama habari ya huruma tu. Tuusome leo kama mtu asomaye kazi ya mwuguzi, hatua kwa hatua, tuone ni nini hasa alichokifanya mtu yule katika njia ya Yeriko.

Hatua ya kwanza, alikaribia. Kuhani alimwona mtu aliyejeruhiwa, na Mlawi alimwona. Macho yao hayakuwa mabovu. Tofauti ilikuwa katika miguu. Wao walipita upande wa pili, yeye alisogea. Basi kijana, jiulize: mgonjwa akiwa ananuka, kidonda kikiwa kimeoza, mzee akiwa amejichafua kitandani, miguu yangu yaenda upande gani? Lakini hapa twawaonya msijihukumu upesi. Kichefuchefu si dhambi, wala si ishara ya kwamba hukuitwa. Twamjua mwuguzi, mwenye miaka mingi katika kazi, aliyezimia siku ya kwanza alipoona damu ikimtoka mama mzazi. Leo ndiye aitwaye mambo yanapokuwa magumu. Tumbo hujifunza. Kilicho kigumu kujifunza ni moyo umdharauye mgonjwa kwa sababu ni maskini, au ni mlevi, au ni wa kabila jingine, au kwa sababu ugonjwa wake umetokana na makosa yake mwenyewe. Myahudi na Msamaria hawakuwa marafiki. Msamaria hakuuliza kwanza kama mtu yule anastahili.

Hatua ya pili, alifunga majeraha, akatia mafuta na divai. Yaani alikuwa na ujuzi. Wakati ule watu walijua ya kuwa divai husafisha na mafuta hutuliza, naye alivitumia kama ipasavyo. Huruma isiyo na ujuzi yaweza kuua. Mwuguzi hupima dawa kwa hesabu, na nukta moja ikiwekwa mahali pasipo pake, mtoto mchanga hupewa dawa mara kumi. Ndiyo maana vyuo vyataka kijana awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Na ndiyo maana mhitimu hawezi kuuguza mpaka asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Basi kijana asemaye, "Mimi nina moyo wa upendo, lakini sipendi kusoma," huyo na asidanganyike. Anayempenda mgonjwa kwa kweli atakesha na daftari lake kwa ajili ya mgonjwa huyo ambaye hajamwona bado.

Hatua ya tatu, alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Yeye aliyekuwa amepanda akaenda kwa miguu. Kazi hii itakutwaa raha yako: utafanya zamu ya usiku wakati wenzako wamelala, utakuwa wodini Sikukuu ya Krismasi, usikie kwaya ya usharika wako kwa mbali, utapangiwa kituo huko ndani ya Makete au ng'ambo ya Rungwe, mahali ambapo mvua ikinyesha gari halifiki, na baridi ya mwezi wa saba hupenya mablanketi mawili. Asiyeweza kushuka juu ya mnyama wake hataweza kumbeba mtu.

Hatua ya nne, alimtunza usiku ule katika nyumba ya wageni. Hatua hii husahauliwa. Njiani labda mtu mwingine angemwona Msamaria na kumsifu. Ndani ya chumba usiku hapakuwa na wa kumsifu. Ndugu, hapa ndipo mwuguzi hujulikana. Mchana daktari yupo, wakubwa wapo, jamaa za mgonjwa wapo na vyakula vyao. Lakini saa nane za usiku bibi kizee kutoka vijijini, asiyejua Kiswahili vema, aita kwa sauti dhaifu. Hapana amwonaye mwuguzi ila Mungu. Je, ataondoka kitini? Twajua wauguzi waondokao, wakamsalimu mgonjwa "Kamwene" kwa lugha ya kwao, na yule bibi akatulia kabla hajapewa dawa yo yote. Twajua pia, na twasema kwa huzuni, ya kuwa wako wasioondoka, na wengine waondokao na matusi. Tumeketi na mama aliyetukanwa wakati wa uchungu wa kuzaa, katika nyumba ya wagonjwa ambayo jina lake hatulitaji. Mtoto wake alizaliwa mzima. Lakini alituambia ya kwamba mimba ya pili ikija atazaa nyumbani, kwa kuwa nyumbani hakuna atakayemtukana. Tazameni hatari iliyoje! Mama aweza kutoka damu nyumbani akafa, kwa sababu ya ulimi wa mtu aliyeingia katika kazi isiyokuwa yake. Kwa hiyo barua tunayoandika bila kuuliza haimdhuru kijana peke yake.

Hatua ya tano, asubuhi alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba yule mgonjwa, akamwagiza la kufanya, akaahidi kurudi. Hivi ndivyo wauguzi wafanyavyo zamu zinapobadilishana: hukabidhiana wagonjwa, kitanda kwa kitanda, na kuambiana kweli. Dawa ambayo haikutolewa haiandikwi kuwa imetolewa. Fedha za dawa hazipotei. Siri ya mgonjwa haitoki kwenda sokoni. Aliye mwepesi wa kusema uongo katika mambo madogo, na asiyeweza kufunga kinywa chake, na atafute kazi nyingine, hata kama mikono yake ni myepesi na uso wake ni wa furaha.

Lakini tazameni na jambo hili: Msamaria aliondoka akaendelea na safari yake. Hakukaa pale mpaka akachakaa. Alijua ya kuwa yuko mwingine awezaye kulinda, akamwachia. Kwa hiyo msidhani ya kuwa aliyeitwa ni yule asiyechoka, wala asiyelala, wala asiyetaka kuoa au kuolewa na kulea watoto wake. Kupumzika si kuasi.

Sasa tuseme juu ya mshahara, maana wengi huona haya kulitaja mbele ya mchungaji, lakini ndilo liwaletalo. Kutaka mshahara si dhambi. Katika sura hiyo hiyo ya 10 ya Luka, Bwana alipowatuma wale sabini aliwaambia ya kuwa mtenda kazi astahili ujira wake. Mwuguzi hali hewa. Walakini tuseme kweli: siku hizi si kila mhitimu aitwaye na serikali upesi, wako waliokaa na vyeti vyao miaka wakingoja. Mzazi auzaye shamba kwa kutumaini ya kuwa mwaka wa tatu mshahara utaanza kurudi, na ahesabu gharama kwanza, kama yule ajengaye mnara katika Luka 14. Tena, mshahara waweza kumleta mtu mpaka mlango wa wodi, lakini hauwezi kumwondoa kitini saa nane za usiku. Hapo yatakiwa nguvu nyingine.

Tena iko hofu. Katika nyanda zetu za juu hofu hii ina sababu. Uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2022 na 2023 ulionyesha ya kuwa katika kila watu wazima 100, wenye virusi vya Ukimwi ni zaidi ya 12 katika Mkoa wa Njombe (ambao hadi mwaka wa 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa), ni 11 hivi katika Iringa, na zaidi ya 9 katika Mbeya. Hali katika Tanzania nzima ni wapatao 4. Sote twakumbuka miaka ile kabla dawa hazijaanza kutolewa bure na serikali mwaka wa 2004, tulipozika vijana kila juma. Wakati ule wako waliowalisha wagonjwa kwa fimbo ndefu ya woga, na wako wauguzi waliowashika mkono. Leo dawa zipo, na mwuguzi aliyefundishwa ajua kujilinda na sindano na damu. Hata hivyo, kijana na mzazi wake watauliza: Je, ni halali kuogopa?

Baba yetu Martin Luther aliulizwa neno kama hilo. Mwaka wa 1527 tauni iliingia Wittenberg. Mtawala alitaka walimu wa chuo waondoke, nacho chuo kikahamishiwa Jena. Luther alibaki, pamoja na Bugenhagen aliyekuwa mchungaji wa mji. Mkewe Katharina alikuwa mja mzito, na wagonjwa walipokelewa katika nyumba yao. Wakati huo wachungaji wa Breslau walimwandikia wakiuliza kama yafaa Mkristo kuikimbia tauni. Majibu yake, kwa ufupi na kwa maneno yetu, yalikuwa haya: Mwenye kazi inayomfunga kwa jirani yake, kama mchungaji, mtawala, au mwenye kuwatunza wagonjwa, asikimbie akawaacha bila mwangalizi. Asiyefungwa na kazi ya namna hiyo, na jirani yake akiwa ana wa kumtunza, yu huru kukaa au kwenda, wala asihukumiwe. Na yeye akaaye, asimjaribu Mungu kwa kukataa dawa na kujitia katika hatari kwa ujinga. Bali asafishe nyumba, atumie dawa, ajiepushe na mahali asipotakiwa.

Hekima hii yatufaa. Hofu peke yake haionyeshi kama umeitwa au hukuitwa. Swali ni hili: ukiisha kujifunga kwa mgonjwa, utakaa? Ukijua moyoni ya kuwa hutaweza kukaa, usijifunge. Ni heri kusema hapana leo, ukiwa mkekani pa mchungaji, kuliko kuikimbia wodi usiku watu wakiwa wanakufa.

Na hapa twapenda kuwaondolea vijana mzigo mmoja. Kanisa letu limefundisha tangu siku za Luther ya kuwa wito si wa mapadre na watawa tu. Mama anyonyeshaye mtoto, mkulima apandaye viazi, fundi seremala, mwalimu, dereva aendeshaye kwa uangalifu katika njia ya Makambako, wote wamtumikia Mungu katika kazi zao, mradi zimsaidie jirani. Basi asiyeitwa kuuguza hakuanguka kutoka juu kwenda chini. Mungu hakumtupa. Amewekewa mlango mwingine. Sisi tulimsomea binti yule habari za Yona. Lakini Yona aliikimbia kazi aliyopewa na Mungu, naye aliikimbia kazi aliyopewa na sisi. Mambo haya mawili si mamoja.

Tuwakumbuke na wazazi. Wako walazimishao, nao wako wakatazao. Florence Nightingale, ambaye siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 12 Mei, hufanywa Siku ya Wauguzi duniani, alizaliwa mwaka wa 1820 katika nyumba ya matajiri Waingereza. Mwaka wa 1837, akiwa hajatimiza miaka 17, aliona moyoni ya kuwa Mungu amemwita kwa kazi, ingawa hakujua bado ni kazi gani. Alipotambua baadaye ya kuwa ni kuuguza, jamaa zake walikataa, maana wakati ule kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanawake wa hali ya chini. Ilimpasa kungoja mpaka mwaka wa 1851 ndipo alipokwenda kujifunza kwa muda wa miezi mitatu hivi huko Kaiserswerth katika Ujerumani, katika nyumba ya mashemasi wa kike iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner mwaka wa 1836. Miaka mitatu baadaye alikuwa akiwauguza askari katika vita vya Krimea. Na mwaka wa 1860 shule yake ilifunguliwa London. Habari hizi zina mafundisho mawili. Kwa mzazi akatazaye: angalia usije ukamzuia aliyeitwa, kwa sababu ya heshima yako. Kwa kijana: wito wa kweli haupotei kwa kungojeshwa. Kijana asiye na hakika mwaka huu na asiogope kungoja mwaka mmoja.

Tusisahau na vijana wa kiume. Wako waonao haya kwa kudhani ya kuwa uuguzi ni kazi ya wanawake. Msamaria alikuwa mwanamume.

Basi tufanye nini? Twatoa mashauri machache.

Wewe kijana, usijipime kwa ndoto, wala kwa weupe wa sare. Jipime kwa jirani aliye karibu. Je, nyumbani yuko babu asiyeweza kuinuka? Mtunze kwa mwezi mmoja, umwoshe, umlishe, uamke usiku aitapo. Wala usiwaambie watu. Mwezi ukiisha, sikiliza moyo wako. Hatuulizi kama ulichoka, maana utachoka. Twauliza kama ulimwona babu yako kuwa mtu, au alikuwa mzigo tu. Kisha uende hospitali iliyo karibu, iwe Ilembula au Ilula, Itete au Matema au Bulongwa, uombe ruhusa kwa wakubwa upewe kazi ndogo ya kusaidia. Tena zungumza na wauguzi wawili: mmoja mwenye furaha na mmoja aliyechoka. Wote wawili watakuambia kweli, kila mmoja nusu yake.

Wewe mzazi, mwulize mtoto wako mkiwa peke yenu, wala usimpe jibu pamoja na swali. Akinyamaza, usidhani ya kuwa amekubali. Katika desturi zetu, za Wabena na Wahehe, za Wakinga na Wanyakyusa, mtoto mwema hambishii baba yake mbele ya wageni. Desturi hiyo ni nzuri, lakini yatupasa kuikumbuka tunapotafuta kujua yaliyomo moyoni mwake.

Ninyi wainjilisti na wachungaji wenzetu, msiandike neno "wito" kabla ya kuuliza. Mpe kijana nafasi ya kukaa nawe bila jamaa zake. Kwa habari ya binti, mke wako au mama mzee wa usharika na awepo. Mwulize: Nani alikuwa wa kwanza kulisema jambo hili, wewe au mwingine? Umepata kumtunza mgonjwa gani? Nini kilikushinda? Ukikosa nafasi chuoni, utafanya nini? Kisha waulize majirani, kwa maana mara nyingi wengine huiona karama ya mtu kabla yeye hajaiona. Na kama huna la kushuhudia juu ya wito, andika yale uyajuayo: ya kwamba ni mbatizwa, amepata kipaimara, ni mwaminifu. Hilo latosha, na ni kweli.

Na ninyi ndugu mlio tayari katika kazi hii, mnaosoma gazeti hili mkiwa mmetoka zamu katika Hospitali ya Rufaa Mbeya, au Iringa, au katika zahanati isiyo na umeme, pengine mnasema mioyoni, "Labda mimi sikuitwa, maana siku hizi sina nguvu wala huruma." Ngojeni kidogo. Eliya chini ya mretemu alitaka kufa, akadhani kazi yake imekwisha. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia ya kuwa hakuitwa. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena; na neno jipya lilikuja baadaye. Kuchoka ni jambo moja, na kutokuitwa ni jambo jingine. Wala mtu asiamue la pili akiwa katika la kwanza. Kwanza lala, ule, mwambie mwenzako mzigo wako. Na sisi washirika tusiwe watu wa kuwalaumu tu. Ni lini mara ya mwisho usharika wetu uliwaombea wauguzi kwa majina yao?

Tunamaliza. Bwana Yesu alipokwisha kutoa mfano huu, alimwagiza aliyemwuliza aende akatende kama Msamaria. Je, aliyemwuliza alikuwa nani? Hakuwa mwuguzi wala mganga. Alikuwa mwanasheria, mwalimu wa torati. Wala Bwana hakumwambia aache sheria akafungue nyumba ya wagonjwa. Alimwambia asipite upande wa pili. Basi kuna wito wa kuuguza, ambao ni wa wengine. Na kuna amri ya kumkaribia aliyejeruhiwa, ambayo ni ya wote. Aliyesema hapana kwa ule wa kwanza hajafunguliwa katika hiyo ya pili.

Binti yule, tuliyemwandikia barua isiyo ya kweli, leo ni mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo, na wanachama wamwamini kwa kila shilingi. Tulikwenda kumwomba radhi, naye alitusamehe, na baba yake pia. Mwaka jana jirani yake, mama mwenye mimba, alishikwa na uchungu usiku wakati wa mvua. Yeye ndiye aliyeamka, akatafuta gari, akalipa kwa fedha zake, akaketi naye mpaka wodini, akamkabidhi kwa mwuguzi wa zamu, kisha akarudi nyumbani, maana asubuhi vitabu vyake vya hesabu vilimngoja. Tuliposikia habari hizo tulimkumbuka Msamaria na yule mwenye nyumba ya wageni. Mmoja aleta, mwingine apokea, na mgonjwa apona.

Bwana wa mavuno na awaite awatakao, na sisi atupe masikio ya kusikia ni nani aliyemwita. Amin.